Mizizi iliyozama: kwa nini safu ya hebe ilikauka Kiamunyi, Nakuru

Kisa ninachokichambua hapa kinahusu safu ya vichaka 16 vya hebe vilivyopandwa kando ya njia ya gari katika boma moja la Kiamunyi, pembeni mwa jiji la Nakuru. Mwenye boma ni mwalimu mstaafu, mama anayeipenda bustani yake kwa dhati, na vichaka hivyo alivinunua vikiwa miche kwenye kitalu cha kando ya barabara kuu baada ya kuvutiwa na hebe zilizochanua nyumbani kwa rafiki yake Molo. Kwa miaka miwili safu hiyo ilistawi. Baada ya masika ya mwaka wa tatu, vichaka tisa kati ya 16 vilikuwa ama vimekufa ama vinaelekea kufa, na lawama yote ikamwangukia kijana anayeitunza bustani, kwamba alikuwa amezembea kumwagilia maji. Niliombwa nitazame nitoe maoni kabla kijana hajaachishwa kazi. Ninayaandika niliyoyaona kwa urefu, kwa sababu jambo lililoiua safu ile linaua mimea mingi ya thamani katika maboma yetu, na mara nyingi anayelaumiwa ni yule ambaye amefanya hasa alichoagizwa.

Kwanza mmea wenyewe, kwa kuwa bila kuujua tabia zake kisa hiki hakieleweki. Hebe ni kichaka kisichopukutisha majani, na spishi zake nyingi, zinazokaribia 100, asili yake ni Nyuzilandi. Wataalamu wengi wa mimea siku hizi huziweka katika jenasi ya Veronica, kwa hiyo msomaji asishangae akikuta kibandiko cha kitaluni kimeandikwa jina hilo. Zipo za milimani, zenye majani madogo mno, na zipo za pwani, zenye majani mapana yanayong'aa. Kanuni ambayo wakulima wa maua huitegemea ni kwamba kadiri jani linavyokuwa dogo ndivyo mmea unavyostahimili baridi kali, na kadiri linavyokuwa pana ndivyo unavyohitaji mahali penye joto kiasi. Za Mwalimu zilikuwa za majani mapana, mazito kidogo, yaliyopangika wawili wawili, kila jozi ikikingama na iliyo chini yake, hivi kwamba ukiliinamia tawi na kulitazama kutoka juu unaona mistari minne iliyonyooka. Maua yake ni vishada vya zambarau vinavyopauka kuanzia chini kadiri vinavyozeeka, na nyuki huvipenda sana.

Mmea wa namna hii haukosi nafasi Nakuru. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi, usiku ni wa baridi, jua ni la kutosha, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, mchana unabaki wa saa 12 hivi mwaka mzima, hivyo hebe huchanua hapa na pale bila kungoja msimu mmoja. Udongo wa asili nao ni mzuri kwake: ni wa majivu na mawe mepesi ya volkano, na huyapitisha maji upesi. Nisingesema hivyo kuhusu Kisumu, iliyoko kwenye mwinuko wa mita 1,130 hivi, wala kuhusu udongo mweusi wa mfinyanzi wa uwanda wa Kano, ambao ukilowa hushika maji kwa muda mrefu; huko hebe ningeipanda katika chungu chenye matundu au ningechagua mmea mwingine kabisa. Hebe inataka jua, hewa, na zaidi ya yote udongo usiotuamisha maji. Mbolea nyingi haihitaji.

Kwa sababu hiyo kisa hiki kilinitatiza tangu mwanzo. Mmea ulifaa mahali, na udongo wa mahali ulifaa mmea.

Nilianza kwa kuvipa vichaka nambari, kuanzia langoni, ambako uwanja umeinuka, hadi kwenye kona ya nyumba, ambako umeteremka. Kazi hii ndogo naisisitiza. Mtu akiingia bustani yenye mimea inayokufa, macho huvutwa na mmea uliokauka zaidi, naye huanza kuuchunguza huo peke yake, ilhali mpangilio wa wafu na walio hai mara nyingi husema mengi kuliko maiti moja. Kichaka cha 1 hadi cha 6 vilikuwa vizima, majani yaking'aa, vishada vipya vikichomoza. Cha 7 hadi cha 10 vilikuwa vimekatwa mno, vikabaki kimo cha goti, na isipokuwa cha 7 havikuwa na jani hata moja. Cha 11 kilikuwa na majani mabichi juu lakini yale ya chini yamegeuka manjano na kuanguka. Cha 12 na cha 13 vilikuwa vimenyauka, majani yamelegea yakiwa bado na rangi ya kijani iliyofifia. Cha 14 hadi cha 16 vilikuwa vimekauka kabisa, majani ya kahawia yakiwa yameshikilia matawini.

Katika boma watu walikuwa na maelezo yao. Mwalimu aliamini ni kiu. Jirani alisema ni mchwa. Fundi aliyetandaza kabro, yaani vitofali vya saruji vya kufunika njia, alisema ni maji ya kisima, na mtu mwingine akasema miche ilitoka kitaluni ikiwa na ugonjwa, tena baadhi yake ilipandwa bila kuvuliwa mifuko vizuri. Hakuna kati ya maelezo hayo lililokuwa la kijinga, na kila moja lilistahili kupimwa.

Mchwa huacha alama. Hujenga vijia vya udongo juu ya gome, na ukilivunja shina walilolila unakuta limetobolewa au limejazwa udongo ndani. Nililikagua kila shina kuanzia cha 8 hadi cha 16, nikavunja matawi ya cha 15 na cha 16, na mti wa ndani ulikuwa imara. Maji ya visima virefu katika Bonde la Ufa ni kweli yana chumvichumvi za sodiamu na bikaboneti, na mimea mingi huyalalamikia. Lakini safu nzima ilimwagiliwa mpira uleule, maji yaleyale, na kama yangekuwa ndiyo kiini, dalili zingetapakaa kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho. Hali kadhalika mifuko: kingo za plastiki zilichomoza udongoni kwenye kichaka cha 2 na cha 5, ambavyo ni vizima. Ni upandaji mbaya, na mizizi inayozunguka ndani ya mfuko itavidhuru vichaka hivyo baadaye, ila si huo ulioua vile vya chini. Jambo linaloua vichaka vya mwisho wa safu na kuviacha vya mwanzo lazima liwe limebadilika njiani, kati ya lango na nyumba.

Kuhusu kiu, kijana mwenyewe alikuwa ameshatoa jibu, ila hakuna aliyelisikia. Mwalimu alipomuuliza mbele yangu kwa nini aliacha maua yakauke, alijibu kwa upole, "Mama, mimi humwagilia asubuhi na jioni. Hapa chini hata sijui maji yanakwenda wapi, udongo haukauki." Mwalimu alilichukulia neno hilo kuwa kisingizio. Mimi nililichukulia kuwa ushahidi, maana mmea unaonyauka kwenye udongo mkavu unalia kiu, bali mmea unaonyauka kwenye udongo uliolowa umepoteza uwezo wa kunywa. Kwa macho hali hizo mbili hufanana karibu kabisa, na dawa ya hali ya kwanza ndiyo sumu ya hali ya pili.

Tulikichimbua kichaka cha 13, kilichokuwa kimenyauka lakini hakijafa. Uma wa bustani uliingia kwa urahisi, na udongo ulitoka mweusi, mzito, wenye harufu ya matope yaliyokosa hewa, mbali kabisa na ule mwepesi wa kijivu tuliouona langoni. Kichaka kilitoka kwa mkono mmoja, bila kushika. Mizizi minene ilikuwepo, lakini ile myembamba kama nyuzi, inayofanya kazi yote ya kunyonya maji, ilikuwa imekwisha. Nilishika mzizi mmoja wa kahawia kati ya kidole gumba na cha shahada nikauvuta taratibu: ganda la nje likavuka lote na kubaki vidoleni kama utelezi, na uzi mwembamba wa katikati ukabaki ukining'inia. Kisha nikafukua kidogo pembeni mwa kichaka cha 3 ili tulinganishe, na mizizi yake ilikuwa myeupe kama maziwa, migumu, isiyovuka ganda. Mwalimu aliishika yote miwili kwa mikono yake mwenyewe. Sidhani maelezo yangu yoyote yangemfikisha alikofikishwa na mizizi ile miwili.

Kuoza kwa mizizi kwa namna hii kwenye hebe, katika udongo uliotuama maji, ndiyo dalili ya Phytophthora, kundi la viini vinavyofanana na kuvu ingawa kwa asili si kuvu halisi. Hebe ni miongoni mwa vichaka vinavyoshambuliwa navyo mara kwa mara. Wakulima wa Molo na Mau Narok wanamjua vizuri ndugu yake mmoja, yule anayeleta bakajani, ugonjwa unaounguza majani ya viazi wakati wa mvua na ukungu. Wanaoshambulia mizizi ni spishi nyingine, lakini tabia ya ukoo ni moja: wanahitaji maji. Mbegu zao ndogo zisizoonekana kwa macho zina vimkia, nazo huogelea katika maji yaliyojaza nafasi za udongo mpaka zinapokuta ncha laini ya mzizi. Udongo unaopitisha maji huwanyima njia. Udongo uliotuama huwapa njia, na wakati huohuo huinyima mizizi hewa ya kupumua, ikadhoofika kabla hata ya kushambuliwa.

Kabla ya kushikilia jibu hilo nililiondoa moja linalofanana nalo. Kuna ugonjwa wa mnyauko unaoletwa na kuvu aina ya Fusarium, ambao nao huipata hebe, na dalili yake ni kwamba tawi moja moja hunyauka huku mengine yakibaki mazima, na ukilikata shina unakuta rangi ya kahawia imepita katika mishipa ya ndani hadi juu. Nilikata shina la kichaka cha 12 kwa mshazari katika sehemu kadhaa. Karibu na udongo kulikuwa na weusi chini ya gome, lakini juu yake mti ulikuwa mweupe na safi, na kichaka kizima kilikuwa kimenyauka kwa pamoja. Maradhi yalikuwa yanapanda kutoka mizizini.

Sasa tuangalie kilichofuata baada ya jani la kwanza kulegea, maana hapa ndipo msiba ulipokuzwa na nia njema. Mwalimu alipoona majani yamelegea mwishoni mwa Aprili aliagiza maji yaongezwe, asubuhi na jioni, hata siku zilizokuwa na mvua. Yalipogeuka manjano aliagiza mbolea ya naitrojeni iitwayo CAN itiwe, kiganja kimoja kwa kila kichaka, na samadi irundikwe shinani. Mizizi iliyokwisha haiwezi kunyonya mbolea hiyo. Inachofanya chumvi ya mbolea ni kuziunguza ncha chache zilizosalia. Samadi iliyogusa gome iliweka unyevu palepale ambapo shina linapaswa kuwa kavu. Baadaye ikanunuliwa dawa ya bakajani ya viazi, mchanganyiko wa mankozebu na metalaksili, ikapuliziwa majani. Dawa hiyo si mbovu katika kazi yake, lakini mankozebu hukaa juu ya jani na haiingii ndani, na metalaksili ikiingia ndani ya mmea husafiri kwenda juu, haishuki mizizini. Ukiipulizia jani ili uponye mzizi, umetupa fedha zako. Kwa mwenye bustani ya nyumbani sijui dawa ya kutegemea ya kuponya mizizi iliyokwisha kuoza, na napenda watu waambiwe hivyo waziwazi dukani badala ya kuuziwa chupa baada ya chupa.

Lilibaki swali lililonisumbua zaidi: maji yalituama kwa nini, katika udongo wa Nakuru usiotuamisha maji? Na kwa nini mwaka wa tatu, wala si wa kwanza?

Tulichimba mashimo mawili ya kina cha sentimita 30 hivi, moja karibu na kichaka cha 4 na lingine palipong'olewa cha 13. Tuliyajaza maji, tukayaacha yanywe, tukayajaza tena. Ujazo wa pili ndio wa kutazamwa, kwa sababu wa kwanza hupotelea katika kulowesha udongo mkavu. Shimo la juu lilikauka tukiwa bado tunazungumza. La chini lilikuwa na maji hata asubuhi iliyofuata. Tulipolichimba zaidi, jembe liligonga kitu kigumu: tabaka la moramu na vumbi la timbo, limeshindiliwa, na ndani yake vipande vya saruji na matofali. Wakati wa kujenga nyumba, malori yalikuwa yakigeuzia pale, na mafundi walipomaliza walitandaza juu yake udongo mzuri wa kimo cha dhiraa hivi. Kwa juu ulionekana udongo uleule wa safu nzima. Kwa chini ulikuwa umewekwa juu ya sakafu.

Sakafu hiyo ilikuwepo tangu siku ya kwanza, nazo hebe ziliivumilia, kwa sababu mizizi yake haiendi mbali sana chini na mvua ya kawaida iliyoangukia udongo ule ilipata muda wa kukauka. Kilichobadilika ni paa. Mapema mwaka huo, kabla ya masika, nyumba iliongezwa maegesho ya gari na kufungwa gata mpya, na bomba la gata likashushwa kwenye kona ya nyumba, hatua tatu kutoka kichaka cha 16. Hesabu yake ni rahisi, na namwomba kila anayejenga aifanye: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Upande wa paa unaoteremshia bomba lile una mita za mraba 60 hivi. Mvua ya milimita 25, ambayo ni ya alasiri moja tu ya Aprili, humwaga hapo lita 1,500. Kabro nayo, iliyotandazwa katika ujenzi uleule, iliziba upande ambao zamani maji yalikuwa yakipenyea. Kwa hiyo maji ya nusu ya paa yaliingia katika beseni lisilo na tundu, na jioni mpira ukaongezwa juu yake. Vichaka vilikufa kwa kufuata ukaribu wao na bomba: cha 16 kwanza, kisha cha 15, kisha cha 14. Mwalimu alipokumbushwa alikiri kwamba ndivyo vilivyokauka, kwa mpangilio huohuo.

Vile vya katikati, vilivyokatwa, vilikuwa kisa kingine, na ilikuwa muhimu kuvitenga, kwani watu wote walikuwa wakivihesabu pamoja na vya chini kana kwamba ni ugonjwa mmoja ulioenea. Nilikwaruza gome la vichaka vya 8, 9 na 10 kwa ukucha: chini yake bado palikuwa na ukijani karibu na udongo. Mizizi yake ilikuwa myeupe. Hakuna maradhi yaliyokuwa yamevigusa. Vilikuwa vimepanuka hadi kuegemea njia, na kabla ya wageni kuja kwa sherehe ya kuposa binti wa boma, kijana aliagizwa avirudishe nyuma. Alivikata kwa panga na makasi jinsi anavyokata michongoma kila mwaka, hadi kwenye miti mitupu.

Michongoma hukubali ukatili huo. Ukiikata hadi kisiki, baada ya mvua inachipua kila mahali, na ndivyo zilivyo pia duranta na bogenvilia. Hebe nyingi haziwezi. Mti wake mkuukuu, uliokwisha kupoteza majani, kwa kawaida hauna macho yaliyo tayari kuamka, na ukilikata tawi chini ya jani la mwisho lenye uhai umelihukumu. Mkulima wa nyanda za juu anayetaka kulikumbuka hili aukumbuke ua wa msaipresi: ukikatwa juujuu kila mara hubaki kijani na kushikana, lakini ukikatwa kupita kijani huacha pengo la kahawia ambalo halizibiki. Hebe ikatwe vivyo hivyo. Vishada vikishachakaa, kata chini yake kidogo, ukiacha jozi kadhaa za majani kwenye kila tawi, na usizidi theluthi ya urefu. Fanya hivyo tangu kichaka kikiwa kidogo, kila mwaka, na kamwe hakitafika kuziba njia. Chagua siku kavu, kwani madoa ya majani na ukungu wa chini ya jani huenea kwa matone ya maji. Kichaka cha 7 kilikuwa kimeepuka kifo kwa sababu upande wake mmoja ulisahauliwa ukiwa na majani, na ni upande huohuo uliochipua.

Lililopaswa kufanywa lilifuata moja kwa moja kutokana na hayo. Siku ileile mpira ulifungwa, na samadi yote ikaondolewa shinani kwa umbali wa kiganja. Bomba la gata liligeuzwa likaelekezwa kwenye tangi, na maji yanayofurika yakapelekwa kwenye mtaro wa barabarani. Vichaka vya 13 hadi 16 viling'olewa pamoja na udongo ulioshikana na mizizi yake, vikachomwa baada ya kukauka, wala havikutiwa kwenye lundo la mboji, na udongo wa sehemu hiyo ulikatazwa kupelekwa kwenye vitanda vya mboga. Jembe na uma vilioshwa vizuri kabla ya kurudi kwa vichaka vizima, kwa sababu tope la chini ya kiatu au la kwenye jembe linatosha kuhamisha maradhi. Cha 12 kiliachwa kijaribu bahati yake, nacho hakikupona. Cha 11, kilichokuwa kimepoteza majani ya chini tu, kilikaa wiki nyingi bila mabadiliko, kisha kikatoa majani mapya juu na kufikia Agosti kilikuwa kimesimama vizuri. Vile visiki vitatu nilishauri visiondolewe haraka. Cha 8 kilitoa chipukizi moja chini kabisa, karibu na udongo. Cha 9 na cha 10 vilikauka, ukijani chini ya ukucha ukapotea, vikaondolewa.

Miche ya kujazia mapengo haikununuliwa. Vichaka sita vizima vya juu vilikuwa hazina tosha, na hebe ni katika mimea inayoota kwa urahisi sana kutokana na vipandikizi. Kijana alichagua vitawi visivyo na maua, ncha laini lakini kitako kimeanza kukaza, urefu wa sentimita 8 hadi 10. Alivikata chini kidogo ya kifundo cha majani, akaondoa majani ya nusu ya chini, akavisimika katika mchanga mkavu wa mtoni uliochanganywa na mboji nusu kwa nusu, ndani ya makopo yaliyooshwa na kutobolewa. Alivifunika kwa chupa za plastiki zilizokatwa vitako, akaviweka kivulini upande wa mashariki wa nyumba. Mizizi hutokea baada ya wiki nne hadi sita hivi. Kwake ilikuwa mara ya kwanza, na vingi vilishika. Nilimsisitizia mambo mawili ya wakati wa kupanda: mche uvuliwe mfuko wote na mizizi iliyojizungusha ilegezwe kwa vidole, na usizikwe chini kuliko ulivyokuwa koponi. Kati ya kichaka na kichaka, kwa aina hii ya majani mapana, apime sentimita 90. Safu ya kwanza ilipandwa kwa kubanana mno, na ndiyo maana ilifika njiani mapema hivyo.

Kuhusu kijana, nilimweleza Mwalimu nilichokiona bila kuzunguka. Alimwagilia kama alivyoagizwa, na hata zaidi. Alikata kama alivyofundishwa kukata ua aliokuwa akiujua. Na yeye ndiye pekee aliyetaja kwamba udongo haukauki. Mwalimu, kwa heshima yake, alimwambia hivyo mwenyewe mbele yangu, na kijana angali kazini. Utaratibu wa kumwagilia umebadilika: kabla ya kufungua mpira anatumbukiza kidole udongoni hadi kifundo cha pili, na kama kuna unyevu haufungui. Vichaka vilivyokomaa, katika hali ya hewa ya Nakuru, havihitaji maji ya mpira wakati wa mvua, na katika kiangazi cha Januari na Februari vinatosheka kwa kumwagiliwa kwa kina mara moja kwa wiki.

Jambo moja hatukukubaliana, nami naliacha hapa lilivyo. Kwa maoni yangu, sehemu ya chini, kuanzia palipokuwa na kichaka cha 12 hadi kwenye kona, haifai kurudishiwa hebe kwa miaka kadhaa, kwa kuwa viini vya Phytophthora hudumu udongoni muda mrefu hata baada ya mmea kuondolewa. Nilipendekeza zipandwe kanna, ambazo hufurahia udongo wenye maji, na hebe ziishie kwenye kichaka cha 11. Mwalimu anataka safu yake ikamilike hadi nyumbani, jambo ninaloweza kulielewa. Tabaka la moramu limevunjwa kwa sururu katika sehemu tatu, na amejenga kitanda kilichoinuliwa kwa mawe, kimo cha sentimita 30, kikajazwa udongo mpya uliochanganywa na kokoto nyepesi za volkano. Miche mitano imepandwa humo. Nimemwomba asiitie samadi, asiimwagilie kwa mazoea, na mmoja wake ukinyauka udongo ukiwa na unyevu, aung'oe aitazame mizizi kabla hajafanya lingine lolote.